Albert Lasker: Mtu wa matangazo aliyemnadi Rais, sigara na vita dhidi ya saratani

Kila siku, dakika chache kabla ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, sisi watangazaji tunafanya kazi ambayo wasikilizaji wengi hawaihesabu: tunasoma matangazo ya biashara. Sabuni, mabati, mbegu za mahindi, duka la simu pale stendi. Msimu wa uchaguzi ukifika, katikati ya sabuni na mabati anaingia mgombea, kwa muziki uleule na mara nyingi kwa sauti ya mtangazaji yuleyule. Hivi karibuni msikilizaji mmoja alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi akataka kujua ni nani aliyeanzisha mtindo huu wa kumnadi mtu kama dawa ya meno. Hewani tulimjibu kwa kifupi, tukamwahidi makala. Ndiyo hii.

Hakuna mtu mmoja aliyeanzisha yote. Lakini yupo mmoja ambaye katika maisha yake utayakuta mambo haya yote kwa pamoja: mji mkubwa, matangazo, redio, siasa, na mwisho hospitali. Anaitwa Albert Davis Lasker. Alifariki dunia mwaka 1952, na huko kwao Marekani ni miongoni mwa wale wanaoitwa baba wa matangazo ya kisasa. Sisi tunaokula mkate wa matangazo tuna sababu ya kumfahamu, mazuri yake na mabaya yake.

Mtoto wa bandarini

Lasker alizaliwa tarehe 1 Mei 1880 mjini Freiburg, Ujerumani, lakini huko alizaliwa tu. Kwao kulikuwa Galveston, mji wa bandari katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Baba yake, Morris Lasker, alikuwa Myahudi aliyetoka Ujerumani akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Alianza kwa kuchuuza bidhaa mashambani, akapanda hadi kuwa mfanyabiashara wa jumla, mwenye vinu vya unga na hisa katika benki. Ni aina ya mzee tunayemjua hata huku kwetu: aliyeanza na mzigo begani, na ambaye hamwachii mtoto achezee kilichopatikana kwa jasho.

Siasa nayo ilikuwamo katika nyumba ile. Baba mkubwa wa Albert, Eduard Lasker, alikuwa mbunge mashuhuri nchini Ujerumani na mpinzani aliyemsumbua sana Kansela Otto von Bismarck. Eduard alisafiri kwenda Marekani, akamtembelea ndugu yake Galveston, na Januari 1884 akafariki ghafla mjini New York. Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio la rambirambi kwa Bunge la Ujerumani. Bismarck akakataa kulifikisha bungeni, akalirudisha, na magazeti ya nchi mbili yakazozana kwa majuma kadhaa. Albert alikuwa bado hajafikisha miaka minne. Alikua akisikia nyumbani habari za baba mkubwa ambaye rambirambi zake ziligeuka mgogoro wa kimataifa.

Akiwa na umri wa miaka 12 alianzisha gazeti lake mwenyewe la kila wiki, Galveston Free Press, kurasa nne. Aliandika habari mwenyewe, na jambo lililokuwa muhimu zaidi, alizunguka mwenyewe kwenye maduka kuomba matangazo. Gazeti lile lilidumu zaidi ya mwaka mmoja. Wenye maduka walilipa, pengine kwa sababu ya heshima ya baba, pengine kwa sababu kijana yule alikuwa king'ang'anizi. Sisi tunadhani ni yote mawili.

Baadaye alifanya kazi katika gazeti kubwa la mji huo na akaamua kwamba maisha yake yatakuwa ya uandishi wa habari. Uzeeni alipenda kusimulia jinsi alivyojifanya mpeleka simu za maandishi ili amfikie kiongozi wa wafanyakazi Eugene Debs na kupata mahojiano ambayo waandishi wengine walikosa. Hadithi za Lasker juu ya Lasker zinahitaji chumvi kidogo. Alikuwa muuzaji, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa yeye mwenyewe.

Mzee Morris hakuutaka uandishi. Kwa maoni yake waandishi wa habari walikuwa walevi. Baba na mwana wakasuluhishana: kijana aende Chicago, kwa wakala wa matangazo mwenye kufahamiana na baba, akajaribu kwa miezi michache, na asipopenda arudi kwenye magazeti yake.

Chicago

Fikiria kijana wa miaka 18 akishuka kwenye treni mwaka 1898 katika mji unaokaribia watu milioni moja na laki saba. Chicago ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Marekani, mji wa machinjio, reli, maghala ya nafaka na majengo marefu ambayo hayakuwapo popote kwingine isipokuwa New York. Mitaani Kijerumani, Kipolandi na Kiitaliano vilisikika sawa na Kiingereza. Yeyote kati yetu aliyetoka mkoani akashuka Ubungo kwa mara ya kwanza na begi moja anajua sehemu ya hisia ile.

Wakala wenyewe uliitwa Lord & Thomas. Kijana alilipwa dola 10 kwa juma. Alifagia, alimwaga vitemeo vya wakubwa, alitumwa hapa na pale. Jioni alicheza kamari. Haukupita muda mrefu akapoteza dola 500, fedha zilizokaribia mshahara wake wa mwaka mzima. Kumwandikia baba hakuthubutu. Akamwendea bosi wake, Ambrose Thomas, akajieleza mpaka mzee yule akakubali kumkopesha. Kwa deni lile ilimbidi abaki Chicago, akabaki kwa zaidi ya miaka 40. Hivyo historia ya matangazo duniani ina deni lake kwa meza ya kamari.

Wakati huo wakala wa matangazo alikuwa dalali tu. Alinunua nafasi kwenye magazeti, akamuuzia mwenye bidhaa, akabaki na kamisheni. Maneno ya tangazo hayakuwa na thamani; mara nyingi lilikuwa jina la bidhaa, picha na sifa mbili tatu. Lasker alianza kupata wasiwasi juu ya swali ambalo hakuna mtu ofisini aliyelijibu vizuri: tangazo ni nini hasa?

Jibu lililetwa mwaka 1904 na mtu aliyeitwa John E. Kennedy, ambaye aliwahi kuwa askari wa farasi nchini Kanada. Kennedy alimwambia kwamba tangazo si habari wala si pambo. Ni mchuuzi aliyewekwa kwenye karatasi. Mchuuzi anayekuja mlangoni hasimami akatamka jina la sabuni kisha akaondoka. Anakupa sababu ya kununua, anajibu shaka yako kabla hujaisema. Leo hili linaonekana jambo la kawaida, lakini Lasker alilichukua kama mtu aliyeonyeshwa kisima. Alimwajiri Kennedy, akawafundisha vijana wa ofisini kuandika kwa njia hiyo, kisha akamleta Claude Hopkins, mwandishi aliyekuwa bora kuliko Kennedy. Mwaka 1912 Lasker alikuwa mmiliki wa kampuni yote. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Machungwa, na vitu visivyotajwa

Wasikilizaji wetu wa upande wa Muheza wataielewa habari hii haraka. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa machungwa wa California walivuna kuliko walivyouza. Matunda yalioza, na wengine wakaanza kukata miti. Chama chao cha ushirika kikaenda kwa Lord & Thomas. Kampeni ya kwanza, iliyofanywa katika jimbo la Iowa, ilifanikiwa, na mwaka 1908 machungwa yale yakapewa jina la Sunkist. Kuanzia 1916 likaja wazo kubwa zaidi: watu washawishiwe kunywa machungwa badala ya kuyala tu. Mtu anayekula chungwa hutosheka na moja. Anayekamua glasi anatumia mawili au matatu. Wakauza na vikamulio vya kioo kwa bei ndogo ili kila jiko liwe nacho. Desturi ya glasi ya juisi ya machungwa asubuhi, ambayo leo inaonekana kama ilikuwapo tangu Adamu, ilisukumwa sana na tangazo.

Kampuni nyingine ilibaki na akiba kubwa ya nyuzi za bandeji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wauguzi vitani walikuwa wamegundua kuwa zinafaa kwa hedhi. Ikatengenezwa pedi iliyoitwa Kotex, lakini haikununuliwa, kwa sababu hakuna mwanamke aliyetaka kumtajia mwanaume muuza duka kitu kile. Suluhisho lilikuwa pakiti zifungwe kwa karatasi isiyo na maandishi, ziwekwe juu ya meza ya duka pamoja na kisanduku cha pesa. Mteja anaweka sarafu, anachukua, anaondoka bila kufungua mdomo. Lasker mwenyewe alisukuma magazeti ya wanawake yakubali kuchapisha matangazo yake. Katika mengi aliyofanya, hili hatuna neno nalo. Aliwaondolea wanawake aibu ambayo hawakustahili kuibeba.

Tunalisema hilo kwa sababu mbinu ileile, ya kuona aibu au mwiko kisha kuuvunja kwa tangazo, ndiyo aliyokuja kuitumia kwa sigara. Tutafika huko.

Baraza la nyumba ya Harding

Siasa ilimwita Lasker mwaka 1918, kupitia Will Hays, mwenyekiti wa Chama cha Republican. Lasker hakupenda Marekani ijiunge na Umoja wa Mataifa wa zamani uliopendekezwa na Rais Woodrow Wilson, na chama kile kilikuwa na msimamo huohuo. Katika mkutano mkuu wa Juni 1920, uliofanyika palepale Chicago, mtu wake alikuwa Seneta Hiram Johnson wa California. Johnson akashindwa. Aliyepita ni Warren Harding, seneta kutoka Ohio, mwenye gazeti katika mji mdogo wa Marion. Lasker alimpokea kama wakala anavyopokea mteja mpya.

Kampeni ile hufundishwa hadi leo. Harding hakuzunguka sana. Alikaa barazani kwake Marion, na watu wakaletwa kwake kwa treni. Baraza lile lilikuwa jukwaa lililopangwa. Wapiga picha waliwekewa nafasi yao. Filamu fupi za mgombea zilipelekwa kwenye majumba ya sinema nchi nzima. Agosti wakaletwa waigizaji na waimbaji wakiongozwa na Al Jolson, nyota mkubwa wa wakati huo, waliokuja kumwimbia mgombea. Mapema Septemba ikaletwa timu ya besiboli ya Chicago Cubs kucheza na timu ya mji, na Harding akarusha mpira kadhaa. Cubs ilipatikana kwa urahisi, maana Lasker alikuwa mmoja wa wamiliki wake. Msanii jukwaani, mpira wa kirafiki, mabango, kauli fupi inayorudiwa kila mahali: msomaji wetu anaweza kuhesabu mwenyewe ni mangapi aliyaona katika kampeni ya mwisho mtaani kwake.

Jambo la pili lilifanywa kimya kimya. Harding alikuwa na uhusiano wa siri na mke wa rafiki yake, na mwanamke huyo alikuwa na barua. Waandishi wa maisha ya watu hao wawili wameeleza kwamba Lasker ndiye aliyekwenda kumaliza suala hilo kwa niaba ya chama, na kwamba mama huyo na mumewe walilipiwa safari ndefu ya Asia mpaka uchaguzi upite. Kumbe hata mwaka ule kazi ya mtu wa matangazo ilikuwa na nusu mbili: kinachosemwa, na kinachozuiwa kisisemwe.

Tarehe 2 Novemba 1920 Harding alishinda kwa takribani asilimia 60 ya kura, akachukua majimbo 37 kati ya 48. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa rais ambao wanawake wa Marekani nzima walikuwa na haki ya kupiga kura. Na hapa sisi wa redio tunaomba dakika moja yetu: usiku huohuo kituo cha KDKA cha mjini Pittsburgh kilitangaza hewani matokeo ya uchaguzi yalivyokuwa yakiingia. Wasikilizaji walikuwa wachache, wenye vifaa vya kujitengenezea. Hata hivyo, usiku ule wa ushindi wa mgombea wa Lasker unahesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa redio ya kibiashara.

Zawadi ya Lasker ilikuwa uenyekiti wa bodi ya meli za serikali, tangu 1921 hadi 1923, kazi ya kuuza na kuendesha mamia ya meli zilizobaki baada ya vita na zilizokuwa zikila hazina. Hakufurahia Washington. Agosti 1923 Harding alifariki akiwa madarakani, na baada yake zikafumuka kashfa za rushwa za mawaziri wake, ile ya visima vya mafuta ya Teapot Dome ikiwa kubwa kuliko zote. Lasker hakuguswa nazo. Lakini swali linabaki kwa mtu yeyote anayefanya kazi yake na yetu. Wapiga kura walioneshwa baraza, mpira na nyimbo. Watu waliokuwa wakingoja nyuma ya pazia hawakuoneshwa.

Chakula cha mchana mgahawani

Lasker alimwoa Flora Warner mwaka 1902. Muda mfupi baada ya harusi bibi huyo aliugua homa ya matumbo, na afya yake haikurudi tena sawasawa. Walipata watoto watatu, Mary, Edward na Frances. Baba mwenyewe alikuwa na maradhi yasiyoonekana. Kila baada ya muda alianguka katika huzuni nzito, akalia bila sababu, akashindwa kufanya kazi kwa miezi. Aliyekuwa akiwashawishi mamilioni alirudi nyumbani akiwa hana nguvu ya kujishawishi mwenyewe ainuke. Watoto walikua katika nyumba ya mke mgonjwa na mume ambaye siku moja alikuwa radi na siku nyingine kivuli.

Katikati ya miaka ya 1920, kwa simulizi yake mwenyewe, daktari alimshauri Flora avute sigara ili apunguze uzito. Siku moja walikuwa wakila katika mgahawa maarufu wa Chicago, Flora akawasha. Mwenye mgahawa akaja kwa adabu akawaeleza kuwa wanawake hawaruhusiwi kuvuta sigara mbele ya wageni wengine, wahamie chumba cha pembeni. Lasker akakasirika sana. Mke wake mgonjwa anafukuzwa mezani kwa kufuata ushauri wa daktari! Na kwa kuwa alikuwa Lasker, hasira ile ikageuka mpango wa kazi, maana kampuni yake ilikuwa na mteja mkubwa wa tumbaku, mwenye sigara za Lucky Strike.

Walianza kwa waimbaji wa opera kutoka Ulaya, ambako mwiko ule ulikuwa mlegevu. Wanawake wale walitajwa kwenye matangazo kwamba sigara ile haiwadhuru sauti zao za thamani. Nani angemkataza mwimbaji wa opera? Kisha, mwaka 1928, ikaja kampeni ya kuwashauri wanawake wachukue sigara badala ya pipi ili wasinenepe. Wenye viwanda vya pipi walipiga kelele, na kelele zao zikawa tangazo jingine la bure. Siku ya Pasaka 1929 mtu mwingine aliyelipwa na kampuni hiyo ya tumbaku, Edward Bernays, alipanga wanawake vijana watembee Fifth Avenue mjini New York wakivuta sigara hadharani kana kwamba wanadai haki. Mauzo yakapaa.

Hatusemi kwamba Lasker alijua. Daktari wa mke wake mwenyewe hakujua. Uchunguzi mkubwa uliohusisha sigara na saratani ya mapafu ulitoka mwaka 1950, wa Wynder na Graham huko Marekani, na wa Doll na Hill huko Uingereza. Lakini zile kampeni zilikuwa zimeshawafikia mamilioni ya wanawake, na kifua cha mtu hakingoji utafiti utoke ndipo kiugue.

Redio inaingia

Wengi katika studio yetu tulizaliwa miaka ya 1980 na 1990, na tulijua majina ya sabuni kabla ya majina ya mikoa, kwa sababu redio ya betri ya baba iliimba sabuni kila saa. Utaratibu huo wa mdhamini kulipia kipindi ulikomaa Marekani wakati Lasker akiwa kileleni. Kuanzia Agosti 1929 mteja wake, dawa ya meno ya Pepsodent, alidhamini Amos 'n' Andy katika mtandao wa NBC, mchezo wa dakika 15 karibu kila jioni. Nchi ilisimama kuusikiliza. Mchezo huo ulikuwa wa Wazungu wawili wakiigiza sauti za watu weusi kwa kuchekesha. Mwaka 1931 gazeti la weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni ya sahihi kutaka uondolewe hewani. Haukuondolewa. Dawa ya meno ilikuwa inauzika.

Mwaka 1934 redio na siasa vilikutana katika jimbo la California. Mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana akiahidi kuumaliza umaskini wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Matajiri walishtuka. Ofisi ya Lord & Thomas ya huko ikaajiriwa kumpinga, na ikatengeneza michezo mifupi ya redio: familia ya kawaida sebuleni ikijadili hofu zake, au watu wasio na kazi wakija kwa furaha kula bure California. Hakuna hotuba. Msikilizaji aliketi akidhani anastarehe, na akiinuka ameshabadili kura. Sinclair alishindwa. Kama unataka kujua kwa nini tunasisitiza siku hizi kwamba kipindi kilicholipiwa na mwanasiasa kitajwe kuwa kimelipiwa, sababu ndiyo hiyo.

Si kila mara alishinda. Mwaka 1914, akisukumwa na baba yake, alimwaga fedha zake nyingi kumtetea Leo Frank, meneja wa kiwanda Myahudi aliyehukumiwa kifo huko Georgia kwa mauaji ya msichana, kwa ushahidi dhaifu. Kelele za magazeti ya kaskazini ziliwachokoza watu wa Georgia. Gavana aliibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Agosti 1915 kundi la watu likamtoa Frank gerezani na kumnyonga.

Neno lisilotamkwa

Flora alifariki Desemba 1936. Lasker alivunjika. Ndoa ya pili, na mwigizaji Doris Kenyon, haikufika mbali. Mwaka 1940 akamwoa Mary Woodard, mwanamke mwenye akili ya biashara ambaye alikuwa na jambo moja moyoni: kwa nini watu wanaugua na kufa bila utafiti wa maana kufanyika. Mary alitaka hospitali na maabara zipate fedha. Mumewe alimfundisha kile alichokijua, kwamba fedha za matajiri wachache hazitoshi, zinatakiwa za serikali, na serikali husogea watu wakipiga kelele. Mwaka 1942 wakaanzisha Wakfu wa Lasker. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kwa kuwa mwanawe Edward hakutaka kuirithi kampuni, Lasker aliifunga Lord & Thomas. Wateja na kazi aliwaachia wasaidizi wake watatu, Emerson Foote, Fairfax Cone na Don Belding, kwa dola 100,000, bei ya bure kwa kampuni ile. Jina akalizika.

Wakati huo neno saratani lilikuwa halitamkwi kirahisi katika redio za Marekani. Lilikuwa neno la kunong'ona. Tunapokea ujumbe wa wasikilizaji hadi leo unaosema mama ana ule ugonjwa mbaya, bila kuutaja, kwa hiyo tunaelewa. Lasker alitumia urafiki wake na wakubwa wa mitandao ya redio, wale aliowalisha kwa miaka mingi, mpaka neno likaruhusiwa, na watangazaji wa vipindi maarufu wakawaomba wasikilizaji wachangie. Jumuiya ya saratani ya nchi ile ilipangwa upya kwa ushauri wake na wa Mary, ikaendesha harambee kama kampeni ya bidhaa, na mwaka 1945 ikakusanya takribani dola milioni nne, sehemu yake ikitengwa kwa utafiti. Tuzo za Lasker kwa watafiti wa tiba zilianza kipindi hicho, na wengi waliozipata walipata baadaye Nobel.

Ni mtu yuleyule. Mbinu aliyotumia kuondoa mwiko wa pedi aliitumia kuondoa mwiko wa sigara, kisha akaitumia kuondoa mwiko wa kuitaja saratani. Tumejadiliana hapa ofisini kama la tatu linalipia la pili, na hatukukubaliana. Mwenzetu mmoja anayesoma matangazo ya asubuhi alisema Lasker alikuwa spika tu, na spika haichagui. Wengine tulimwambia kwamba spika hailipwi kamisheni.

Saratani ilimpata mwenyewe, ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, ikarudi. Alifariki hospitalini New York tarehe 30 Mei 1952, akiwa na miaka 72, miaka miwili baada ya tafiti zile za sigara kuchapishwa. Mary aliishi hadi 1994, na hakuacha kuwasumbua wabunge wa Washington kuhusu fedha za utafiti.

Emerson Foote, mmoja wa wale watatu waliorithi kazi, alikuwa ameisimamia Lucky Strike kwa miaka. Mwaka 1964, ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani juu ya madhara ya sigara ilipotoka, alikuwa mkuu wa kampuni nyingine kubwa ya matangazo yenye wateja wa tumbaku. Alijiuzulu mwaka huohuo, na akazunguka nchi kuwaomba watu waache kuvuta.